Kibuyu cha Kabura

Watiri alikuwa na umri wa kuchota maji na kupasua kuni peke yake, mwaka ule serikali ya wakoloni ilipowatoa watu wa Wamagana katika maboma yao na kuwarundika katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Walipewa asubuhi moja tu ya kuhama. Mama yake, Kabura, aliwatwisha watoto vyungu na ngozi za kulalia, akawaambia watangulie. Alipowafikia njiani, kucha zake zilikuwa zimejaa udongo mwekundu, naye alikuwa akizifuta kwa majani huku akitazama nyuma.

Alikuwa amezika kibuyu kando ya ghala. Ndani yake mlikuwa na pesa za magome ya miwati, miti ya kutengenezea ngozi, magome aliyoyabandua na kuyabeba mgongoni hadi kwa wanunuzi tangu kabla Watiri hajazaliwa. Zilikuwa shilingi zenye kichwa cha mfalme, pamoja na senti kumi zenye tundu alizozitunga kwenye kamba ya mkonge kama shanga. Mumewe alikuwa amekwisha kuchukuliwa kupelekwa kizuizini, na hakurudi tena. Kibuyu kile ndicho kilichokuwa baba wa nyumba.

Aliyewavurugia ni jirani yao, Wahome. Huyu alikuwa homugadi, askari wa kijiji aliyepewa bunduki na koti na wakoloni awalinde wenzake wasitoroke. Wanawake waliruhusiwa kwenda kuchimba viazi katika mashamba yao ya zamani wakiwa chini ya ulinzi, na siku moja mlinzi akawa Wahome. Alimwona Kabura akiacha mistari ya viazi na kusimama pale ghala lilipokuwa kabla ya kuchomwa.

"Unatafuta nini hapo?" akamuuliza.

"Panga langu."

"Panga gani? Nionyeshe ulichokificha."

Kabura hakumwonyesha. Wahome akampiga sikioni kwa kitako cha bunduki, mara moja, kisha tena alipoinuka. Watiri alikuwa hapo hapo, kikapu mkononi. Aliona damu ikishuka shingoni mwa mama yake na kuingia ndani ya nguo. Kuanzia siku hiyo sikio la kushoto la Kabura halikusikia tena, lakini mahali pa kibuyu hakupataja.

Kisha yakaja mambo ya kupima mashamba. Vipande vya kila ukoo vilikusanywa na kugawanywa upya, na kwenye kamati ya kugawa aliketi Wahome. Mjane asiye na mtu wa kumsemea alipewa ukanda wa mawe kando ya kijito. Mteremko mzuri uliokuwa boma lake ukaandikwa jina la Wahome, naye akachimba matuta na kupanda kahawa.

Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilipokwisha, Kabura alichukua mkungu wa ndizi akaenda kwake kwa heshima, akamwomba ruhusa ya kuchimba shimo moja tu. Wahome aliwaita majirani waje watazame. Akampa jembe. Kabura alichimba mpaka jasho likamwingia machoni, lakini matuta yalikuwa yamegeuza sura ya ardhi yote, wala hapakuwa na ghala, wala mti, wala jiwe la kumwambia yuko wapi. Alipotupa jembe chini, Wahome alicheka mpaka akajishika mbavu. Toka siku hiyo jina lake sokoni likawa Kabura wa Kibuyu. Vijana walimwendea upande wa sikio lililokufa, wakamwita, ili ageukie upande usio wenyewe nao wapate kucheka.

Kabura alikufa mwaka wa pili baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Wahome alikuja mazikoni, akala, akafuta mdomo. Walipokuwa wakirudishia udongo, alisema kwa sauti ambayo hakujali nani anaisikia, "Basi sasa ameenda kukitafuta kutoka chini."

Watu wachache walicheka. Watiri aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Wahome. Hakulia. Machozi yalimkauka hapo hapo, na mahali pake pakakaa kitu kingine, kigumu na baridi, ambacho alikwenda nacho kila alikokwenda.

Alikwenda Nyeri mjini. Alinunua magunia yaliyotoboka, akayafua mtoni, akayashona na kuwauzia wafanyabiashara wa viazi. Ilikuwa kazi ya vumbi na kukohoa, na mwanamke aliyeifanya hakuulizwa maswali. Aliolewa, mume akaenda zake Nakuru, akabaki na binti mmoja wa kumlea. Miaka ikapita hivyo. Mtu angedhani amesahau.

Siku moja katika duka la magunia alisikia watu wakisimulia habari za Shariff wa mtaa wa Majengo. Shariff alikuwa mzee Mwislamu aliyefua fedha: pete, bangili, vipini. Alinunua sarafu za zamani akaziyeyusha, kwa sababu shilingi za mfalme zilikuwa na fedha ndani yake, ijapokuwa dukani zilikuwa hazinunui tena hata kiberiti. Sasa, walisema, amenunua kwa Mzungu aliyekuwa anauza mali arudi kwao mashine inayonusa pesa zilizo chini ya ardhi.

Watiri aliacha magunia yake hapo hapo kaunta, akaenda Majengo.

Alimkuta Shariff amekaa nje ya nyumba yake, mguu mmoja umefungwa kitambaa, ameuweka juu ya kigoda. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla vidole. Mkewe, Mwanabibi, ndiye aliyemkaribisha Watiri na kumpa kikombe cha chai ya tangawizi.

"Mzee, nimesikia uko na mashine ya kutafuta pesa ya zamani," Watiri alisema kwa Kiswahili chake cha mlimani. "Mimi nataka kufundishwa."

Shariff alimtazama. "Umezika wapi?"

"Sijazika kitu."

"Kila anayekuja hapa hajazika kitu." Akacheka, kisha akakohoa. "Mimi mguu umenikataa, mama. Na nikienda vijijini watu wananiona mgeni, wananifukuza na mbwa. Nahitaji mtu wa kutembea na mtu wa kuongea Kikuyu. Lakini mashine hii si kama ng'ombe unakamua tu. Ina lugha yake. Utajifunza, tutatafuta sarafu pamoja, na hayo mengine yako sitayauliza."

Mashine yenyewe ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani ya duara chini na kisanduku cha betri juu, na visikilizio vizito vya kuvaa masikioni. Ukiwasha, unasikia mngurumo mmoja wa chini usiokatika, kama nyuki ndani ya mzinga. Sahani ikipita juu ya chuma, mngurumo unapanda. Siku ya kwanza Watiri alipita nayo uani kwa Shariff, na kila hatua sauti ilipanda.

"Imelia!" akasema. "Imelia tena! Mzee, hapa kwako kumejaa pesa."

"Chimba."

Akachimba. Kizibo cha soda. Akachimba tena. Mkebe wa samaki. Akachimba tena, msumari wa bati uliopinda. Mpaka jioni alikuwa amegeuza ua mzima, na Mwanabibi alikuwa akilalamikia mchicha wake.

"Sasa nisikilize," Shariff alisema. "Usiniambie imelia. Kulia italia tu. Niambie imelia namna gani."

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Shariff alikuwa akimwambia ageuke atazame ukuta, kisha anafukia vitu huku na huku. Watiri anapita na kusema kilichopo kabla ya kuchimba. Alijifunza kwamba sarafu ina sauti fupi na ya mviringo, inayoanza na kukoma kwa adabu, na ukiijia kutoka mashariki au kutoka kaskazini inakujibu vilevile. Msumari ni kigeugeu: ukiupita kwa mapana unalia mara moja, ukiupita kwa urefu unalia mara mbili, kama mtu mwenye kigugumizi. Alijifunza kuinua sahani kidogo kidogo kutoka ardhini. Sarafu ikiinuliwa sahani inanyamaza mapema, ila bati kubwa au jembe bovu huendelea kupiga kelele hata sahani ikifika magotini. Alijifunza kwamba udongo mwekundu wa Nyeri wenyewe una chuma, unapandisha mngurumo polepole ukiteremka mteremko, na kwamba anayeanza hudhani ni hazina.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa ganda la risasi. Maganda yalikuwa yametapakaa nchi nzima tangu siku za vita, na yalikuwa ya shaba nyeupe isiyoshika kutu. Yalilia kama sarafu kabisa, mviringo, safi. Mara ya kwanza alipochimba moja kwenye uwanja wa soko la zamani Gakindu, aliliweka kiganjani akalitazama kwa muda mrefu. Alilisikia katika sikio lile lile ambalo mama yake alipigwa.

"Hilo hata mimi linanidanganya," Shariff alimwambia. "Litofautishe kwa mahali. Watu wamesimama wapi na bunduki? Watu wameuza ndizi wapi? Sauti ni nusu ya habari."

Siku moja Shariff alitunga senti nyingi za tundu kwenye uzi, akaongeza shilingi kadhaa, akazifukia zote kwa pamoja kwenda chini sana. Watiri alipopita juu yake, alisimama. Haikuwa sauti fupi ya sarafu moja, wala kelele ya bati. Ilikuwa sauti iliyojaa, nene, laini pembeni, ikainuka na kutua bila kukatika. Akaijia kutoka kila upande, haikubadilika. Akainua sahani, ikapungua taratibu, kama mtu anayeondoka akiwa bado anaongea.

"Hiyo ni nini?" Shariff akauliza.

Watiri aliirudisha sahani pale mara nyingine. "Hiyo ni nyingi, pamoja," akasema.

Shariff alimtazama usoni, akaelewa ni nini kilichozikwa. Lakini alikuwa ameahidi kutouliza.

Walifanya kazi hiyo kwa misimu kadhaa. Watiri alitembea viwanja vya soko, kambi za zamani za reli, njia za punda hadi Murang'a. Walivyopata vilikuwa vidogo vidogo, lakini jina lake lilienea: yule mama wa magunia mwenye sikio la kusikia pesa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuukaribia mteremko wa Wahome. Alikuwa akingoja jina lake limfikie Wahome lenyewe, kwa miguu yake.

Likamfikia. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1975, mwezi wa ukungu na baridi ya kuingia mifupani. Wahome alikuja Majengo amevaa koti refu na kofia, mzee sasa, meno yamepungua, ila mabega yalikuwa bado yale yale. Watiri alikuwa ameketi na Mwanabibi akichambua mchele. Wahome alimwamkia Shariff kwanza, kisha akamgeukia yeye, wakazungumza kwa Kikuyu.

"Wewe si wa Kabura?"

"Ni mimi, baba."

"Umekua." Akajikuna kidevu. "Nasikia ni wewe unayesikia vitu vya chini."

"Wakati mwingine."

Alizunguka sana, akauliza habari za binti, akalalamikia baridi. Mwishowe akasema. Alikuwa amekitafuta kibuyu kile tangu mwaka aliopewa shamba. Alikuwa akichimba kidogo kidogo kati ya mibuni, akimwambia mkewe kwamba anaweka mbolea. Yaani miaka yote ile aliyokuwa akimcheka Kabura sokoni, alikuwa akiamini kila neno lake.

Watiri aliushika ungo kwa mikono miwili. Angeweza kumrushia ungo wa mchele. Badala yake aliinamisha kichwa.

"Ni mali ya mama yangu," akasema.

"Na shamba ni langu."

"Basi tugawane nusu kwa nusu. La sivyo siji."

Alibishana naye kwa bidii juu ya nusu yake, akasusa, akarudi, mpaka Wahome akakubali huku akinung'unika. Alifanya hivyo makusudi. Alijua Wahome asingemwamini mtu asiyedai kitu, ila mlafi mwenzake angemwamini mara moja.

Mgeni alipoondoka, Shariff, ambaye Kikuyu alikisikia ijapokuwa alijifanya hakisikii, alisema, "Mama, hiyo mashine husema kweli. Usiifundishe kitu kingine."

"Mimi nitaenda kusikiliza tu, mzee," Watiri akajibu.

Siku waliyokubaliana, mkewe Wahome, Warigia, alimpokea Watiri na mashine yake uani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyokauka kwa kazi ya kahawa. Mibuni ile Wahome aliiamuru tu. Aliyeipanda, kuipogoa na kuichuma alikuwa Warigia. Alimpa Watiri uji, akakaa kwenye mlango wa jiko akatazama.

Watiri alivaa visikilizio, akawasha. Wahome alimfuata na jembe la meno nyuma kama mbwa anayefuata mfupa.

Alianzia juu, penye mibuni mizuri kuliko yote. Kabla hata hajafika mwisho wa mstari wa kwanza, sauti ikapanda: fupi, ya mviringo, safi. Akaijua. Kituo cha homugadi kilikuwa juu kidogo ya hapo, na hapa ndipo walipokuwa wakifanyia mazoezi ya kulenga shabaha. Sauti zilikuwa kila mahali, chini ya kila shina. Ni maganda yao wenyewe.

"Kuna kitu hapa," akasema. Wala hakuwa amesema uongo.

"Chini ya mti?"

"Chini ya mzizi. Kizito."

Wahome alisita. Mbuni ule ulikuwa umezaa mpaka matawi yalikuwa yameinama. Akaupiga jembe. Waliuvuta pamoja mpaka ukang'oka na udongo wake, na Wahome akapiga magoti akachakura kwa vidole. Akatoka na ganda la risasi.

"Kibuyu kikipasuka, vitu husambaa," Watiri alisema. "Tuko karibu. Hapo pengine."

Ukang'oka wa pili. Ukang'oka wa tatu. Kila mara chini yake palikuwa na kitu, na kila mara kilikuwa ganda, na kila ganda lilimfanya Wahome apumue kwa nguvu zaidi, kwa sababu mashine ilikuwa kweli imesikia. Warigia alikuja mbio kutoka jikoni. "Baba Mutahi, unafanya nini? Hiyo ni kahawa!" Akamsukuma kando bila kumtazama. Watiri alimtazama mzee yule akiangukia magoti kwenye tope, koti limechafuka, akikusanya maganda ya bunduki yake mwenyewe kwenye kofia, na raha aliyoisikia ilikuwa kali hata ikamtisha kidogo. Aliendelea. Alimpeleka mteremko wote, siku nzima, na kesho yake tena. Wahome aliwaita vibarua. Mibuni ilirundikwa kando ya njia kama kuni.

Alasiri ya siku ya pili waliteremka karibu na zizi la ng'ombe. Watiri alipita kando ya rundo la samadi, na masikioni mwake sauti ikainuka, nene, iliyojaa, laini pembeni, ikatua bila kukatika.

Mguu wake ulisimama. Akaijia kutoka upande wa kijito. Ni ile ile. Akainua sahani, ikapungua taratibu. Kumbe ghala lilikuwa hapa. Kwa muda wote huo Wahome alikuwa akimwaga mavi ya ng'ombe juu ya kibuyu cha mama yake kila asubuhi.

"Vipi?" Wahome alisema. "Mbona umesimama?"

"Msumari."

"Nipe nisikie mwenyewe."

Akamvua visikilizio kichwani kwa mkono ule ule uliompiga Kabura. Watiri hakupinga. Aliipitisha sahani mahali pale pale, na akaona macho ya mzee yakitanuka.

"Imelia! Imelia sana!"

"Ndiyo, baba, imelia. Sasa sikiliza na hapa." Akaisogeza kando, karibu na nguzo ya zizi, ambapo alikuwa amekwisha kusikia kile kigugumizi. "Na hapa je?"

"Imelia pia. Ni sawa sawa!"

Watiri akainama, akachimbua kwa kidole, akamwekea kiganjani msumari wenye kutu. "Ni ya zizi. Ukitaka tuchimbue misumari yote tutalala hapa. Kule juu hatujamaliza mistari mitatu."

Wahome aliutazama msumari, akautupa. Kwake sauti zote zilikuwa sauti moja. Akavua visikilizio, akashika jembe, akapanda mlima kurudi kwenye kahawa.

Warigia alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa. Alikuwa akitazama mahali Watiri alipokuwa amesimama.

Kung'oa kahawa bila ruhusa ya serikali kulikuwa kosa, na rundo la mibuni kando ya njia halifichiki. Bwana shamba, kijana aliyeitwa Moffat, alikuja na baiskeli, akatazama, akaondoka bila hata kunywa maji. Wahome akaitwa mahakamani Nyeri. Na wakati mambo hayo yakiendelea, habari ilianza kufika kwenye viwanda vya kahawa kwamba baridi kali imeua kahawa ya Brazili, na kwamba wanunuzi wa ng'ambo wamepagawa. Mwaka uliofuata kahawa ilipanda bei ambayo hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuiona. Wamagana nzima iliezeka mabati mapya. Watu waliokuwa wakimwamkia Wahome kwa kuinama walipita njiani na redio mpya mabegani, na mteremko wake ulikuwa mashimo na magugu.

Lakini kabla ya hayo, siku ile ya mahakama, Warigia alimfuata Watiri mjini. Alimkuta akishona gunia.

"Mibuni ile nilipanda mimi," alisema. "Nilipanda nikiwa na mimba ya Mutahi."

Watiri hakuinua macho. "Najua."

"Mimi nilimpiga mama yako?"

"La."

"Nilimcheka?"

Watiri alifikiri, kwa sababu alitaka kusema kweli. Alikumbuka kwamba siku ile ya jembe, Warigia ndiye aliyempelekea Kabura maji kwenye kata. "La. Hukumcheka."

"Basi nionyeshe ulipokanyaga ukasimama. Nilikuona. Mtu hasimami vile kwa ajili ya msumari."

Sindano ilibaki ndani ya gunia. Watiri alikuwa amepanga kukiacha kibuyu pale mpaka Wahome azikwe. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele yake na mikono yake ile.

"Hutamwambia mtu?" akauliza. "Hasa yeye?"

"Hasa yeye," Warigia akasema, na kwa mara ya kwanza Watiri aliona kwamba mwenzake naye alikuwa na ya kwake ya miaka mingi.

Walipanda basi pamoja. Boma lilikuwa tupu. Majirani wote walikuwa wamekwenda mahakamani kumtazama Wahome akiaibika. Waliondoa samadi kwa koleo, wakachimba mchana kweupe. Kibuyu kilikuwa kimeoza zamani, kamba ya mkonge imekuwa vumbi, ila sarafu zilikuwa zimeshikana bonge moja la kijani kibichi, na bado zilikuwa na umbo la mviringo la kile kilichozibeba. Watiri alilikumbatia bonge lile na udongo wake. Kisha akalipiga kwa ubapa wa jembe likavunjika, wakagawana kwenye khanga. Walirudisha udongo, wakarudisha samadi, Warigia akamwaga maji juu ili ionekane ya jana.

Warigia aliuza fungu lake kwa Shariff, akanunua ndama wa gredi, wa mbegu ya kizungu yenye maziwa mengi, aliyemweka kwa dada yake. Wahome alifikiri ndama yule ni wa shemeji yake mpaka mwisho wa maisha yake. La Watiri halikuyeyushwa. Shariff alipoziona sarafu zile, alijua zilikotoka na zilivyotoka.

"Mashine ilisema kweli," alimwambia, "wewe ukatafsiri uongo." Hakumkaripia. Alichukua mashine, akaiweka juu ya kabati, na hakumpa tena. Hilo lilimuuma Watiri kuliko alivyotazamia, maana kazi ile alikuwa ameipenda yenyewe, mbali na Wahome. Alirudi kwenye magunia. Ijumaa aliendelea kumpelekea Shariff ndizi mbivu, naye Shariff akaendelea kuzipokea, mpaka mguu ule ulipommaliza.

Wahome hakuacha kuchimba. Aliendelea hadi mgongo ukapinda, shimo baada ya shimo, kule juu kwenye maganda. Watiri alipokuwa na safari ya Wamagana alishuka basi mapema makusudi ili apite njia ya mteremko ule. Siku moja ya mvua nyepesi, mzee alimwona, akajiegemeza kwenye jembe.

"Mwana wa Kabura! Ile mashine bado ipo?"

"Mwenyewe ameifungia, baba."

"Mwombe. Mwambie tuko karibu sana. Juzi nimepata maganda mengine mawili."

"Nitamwomba."

"Mungu akubariki," Wahome alisema, akamaanisha. Akatemea viganja, akarudi shimoni.

Watiri alisimama akamtazama mpaka mvua ikaanza kunyesha kwa nguvu. Kisha alijifunika gunia kichwani, akashuka polepole kwenda kwa shangazi yake, ambako alikuwa amealikwa kula, na akala vizuri.